Kulipa malimbikizo ya mkopo wa gari

Kulipa malimbikizo ni kumlipa mkopeshaji marejesho yote yaliyopitwa na tarehe, pamoja na adhabu na gharama zilizokwisha kuongezeka, ili mkopo urudi katika ratiba yake ya awali. Si sawa na kumaliza deni. Tuseme mwendesha bodaboda wa Kampala analipa shilingi 400,000 kila mwezi na amekosa miezi 3. Malimbikizo yake ni 1,200,000, na ikiwa adhabu na gharama za kukamata na kuhifadhi pikipiki zimefika 350,000, atahitaji 1,550,000. Akizilipa, mwezi unaofuata anaendelea na 400,000 kama kawaida.

Wengi huumizwa na malipo ya nusunusu. Mtu hupeleka 300,000 akiamini ameonyesha nia njema, kumbe mikataba mingi huelekeza fedha zinazoingia zifidie kwanza adhabu na riba, na msingi wa deni uje mwisho, hivyo anabaki nyuma ya ratiba na amri ya kukamata chombo haijafutwa. Ndiyo maana ni lazima, kabla ya kutoa hata shilingi moja, kuomba kwa maandishi jumla inayotakiwa, mchanganuo wake, siku ya mwisho ya kuilipa, na ahadi kwamba chombo hakitachukuliwa, au kitarudishwa, baada ya malipo. Fedha zipelekwe kwenye akaunti rasmi ya mkopeshaji na risiti itunzwe. Zisikabidhiwe kwa dalali mkononi, hata kama dalali huyo amekwisha kushika funguo.

Kuna sharti jingine ambalo wakopaji hulisoma wakiwa wamechelewa: mikataba mingi humruhusu mkopeshaji, mara mkopaji anapokiuka ratiba, kudai salio lote kwa pamoja. Barua ya namna hiyo ikishatumwa, malimbikizo peke yake huenda yasitoshe, na hapo mkopaji analazimika ama kukomboa chombo kwa kulipa deni zima ama kuomba mkopo upangwe upya. Upangaji mpya hurefusha muda na kupunguza rejesho la mwezi, ingawa riba ya jumla huongezeka. Kwa anayepata riziki kwa chombo hicho hicho, nauona kuwa bora kuliko kukipoteza, mradi auombe mapema, mara tu mapato yanapoyumba.

Nchini Uganda, dhamana za mali inayohamishika, magari na pikipiki zikiwemo, husimamiwa na sheria ya mwaka 2019, na husajiliwa kwenye daftari la kielektroniki linalotunzwa na URSB, taasisi ya serikali ya huduma za usajili. Chombo kikiuzwa, fedha zinazozidi deni na gharama halali ni za mkopaji, naye ana haki ya kudai hesabu ya mauzo. Zikipungua, anaendelea kudaiwa tofauti, jambo linalowashangaza wengi waliodhani kupoteza gari kunafuta deni.

Mwenye malalamiko aanze kwa kumwandikia mkopeshaji mwenyewe. Asiporidhika, malalamiko dhidi ya benki hupelekwa Benki Kuu ya Uganda, na yale dhidi ya wakopeshaji binafsi wa fedha hupelekwa UMRA, mamlaka inayosimamia sekta hiyo chini ya sheria ya mwaka 2016. Aambatanishe mkataba, risiti zote na barua alizopokea.