Je, wajua kwa nini machicha ya kahawa yanaweza kuudumaza mmea badala ya kuurutubisha?

Machicha yanayobaki baada ya kuchuja kahawa yana naitrojeni karibu asilimia 2 ya uzito wake yakiwa makavu, pamoja na fosforasi na potasiamu kidogo. Basi wengi huyamwaga moja kwa moja shinani, na wiki chache baadaye majani huanza kugeuka manjano.

Naitrojeni hiyo imefungwa ndani ya protini, na ikiwa hivyo mizizi haiwezi kuifyonza. Ni lazima bakteria na kuvu wa udongoni wayaozeshe machicha kwanza. Wakipata chakula kingi kwa mpigo huzaliana upesi, na ili kujenga miili yao huchota hata ile naitrojeni iliyokuwa tayari udongoni. Mmea hukaa na njaa mpaka vijidudu hivyo navyo vife na kuoza, jambo linaloweza kuchukua miezi. Kafeini iliyosalia huzidisha balaa, kwani huzuia mbegu kuota na hudumaza mizizi michanga. Kwenye kitalu cha miche, machicha mabichi yasitiwe kabisa.

Halafu kuna suala la maji. Chembe za machicha ni laini mno. Zikirundikwa kwa unene wa sentimita 3 au 4 kisha zikakauka, hushikana zikawa ukoko. Mwagilia juu yake uone: maji hujikusanya matone matone na kuteleza pembeni, na ukichokonoa kwa kidole unakuta udongo wa chini mkavu.

Dawa yake ni kuyapitisha kwenye mboji. Pima kwa ujazo, si kwa uzito: ndoo 1 ya machicha, ndoo 1 ya majani mabichi au maganda ya mboga, ndoo 3 za majani makavu. Karatasi ya kuchujia itupie humo humo. Lowesha kiasi kwamba ukikamua konzi moja yatoke matone machache tu, na geuza rundo kila baada ya wiki moja au mbili. Likitoa harufu kali ya mkojo, naitrojeni imezidi, ongeza majani makavu. Likinuka uvundo, limelowa mno na hewa haipiti. Mboji iliyoiva ni nyeusi, inamomonyoka mkononi, na hunukia udongo.

Asiye na nafasi ya rundo atandaze safu isiyozidi sentimita 1 kuzunguka mimea iliyokwisha komaa, bila kugusa shina, kisha aifunike kwa matandazo ya vipande vya mbao, yenye unene wa sentimita 5 hadi 10.

Habari ya kwamba machicha hufanya udongo kuwa na asidi haina uzito, maana sehemu kubwa ya asidi huondoka na kinywaji. Anayetaka kushusha pH, yaani kuuongezea udongo asidi, atumie salfa. Kuhusu dai kwamba machicha hukinga mimea na konokono, majaribio ya Hawaii yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa kafeini ya asilimia 1 hadi 2 huwaua, lakini hayo yalikuwa maji ya kafeini ya kunyunyizia, si machicha ambayo kafeini yake nyingi imekwisha nyweka.

Ukiyakusanya kidogo kidogo, yaanike yakauke kabla ya kuyahifadhi, la sivyo yatafanya ukungu wa kijani ndani ya siku chache. Penye mbwa, funika chombo: kafeini ni sumu kwake.