Makato ya nyumba si akiba yako

Nchini Kenya, asilimia 1.5 inayokatwa kwenye mshahara wako kila mwezi kwa ajili ya nyumba za bei nafuu si akiba. Hakuna akaunti yenye jina lako inayojaa polepole mahali fulani. Ukikatwa miaka kumi kisha ukaenda kuomba nyumba, hakuna atakayekutolea pesa hizo ziwe malipo yako ya awali, na ukistaafu bila nyumba hakuna atakayekurudishia. Swali la kama makato hayo ni akiba nimelijibu mara nyingi mno, kwa hivyo sasa naliandikia.

Wanaoamini kwamba ni akiba yao siwalaumu, maana najua imani yenyewe ilikotoka. Mswada wa Fedha wa 2023 ulipofika bungeni ulipendekeza mchango wa asilimia 3, na mchangiaji ambaye hangepata nyumba angerudishiwa pesa zake baada ya miaka saba. Habari hiyo ndiyo iliyoshika mitaani. Kabla mswada haujawa sheria, kiwango kilishushwa hadi 1.5, na pamoja na kiwango likaondoka neno "mchango", likaja "ushuru". Wengi waliona tarakimu ikishuka, wachache waliona neno likibadilika, na neno ndilo lililokuwa na uzito. Mchango ni mali ya aliyechanga. Ushuru ukishatoka mfukoni mwako ni wa umma, sawa na ule unaolipa ukinunua sabuni dukani. Mahakama Kuu iliufuta Novemba 28, 2023, Bunge likatunga sheria mpya, Rais akaitia saini Machi 19, 2024, na katika sheria hiyo ushuru ni ushuru. Kinachoniudhi ni kuona watu wamepunguza akiba yao ya Sacco wakiamini kwamba serikali inawawekea.

Tena hata zingekuwa zako, fanya hesabu. Mshahara ghafi wa shilingi 60,000 unakatwa 900, na mwajiri anaongeza 900. Jumla 1,800 kwa mwezi, 216,000 kwa miaka kumi. Nyumba ya milioni 3 kwa malipo ya awali ya asilimia 10 inahitaji 300,000. Bado ungepungukiwa.

Nafuu pekee unayoipata moja kwa moja kutokana na makato hayo ni ndogo: tangu Desemba 27, 2024 yanaondolewa kwanza kabla ya kukokotoa PAYE, ushuru wa mapato unaokatwa kwenye mshahara. Kwa mtu aliye kwenye kiwango cha asilimia 30, zile 900 zinampunguzia ushuru wa 270. Basi.

Akiba yenye jina lako ipo, ila ni ya hiari na unaiweka mwenyewe kupitia Boma Yangu, mfumo wa mtandaoni wa serikali wa nyumba hizo, kwa lengo la kufikisha malipo ya awali. Usichanganye hizo mbili. Na kabla hujaanza, soma masharti ya kumiliki: mtu mmoja nyumba moja, na huwezi kumuuzia mtu mwingine bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Anayepanga kununua leo na kuuza kwa faida mwaka ujao atafute mahali pengine.

Imani ya pili inafanana na ya kwanza: "Ni nyumba yangu ya kwanza, kwa hivyo silipi ushuru wa stempu." Ushuru wa stempu ni ule unaolipwa umiliki unapohamishwa, na nusu ya sentensi hiyo ndiyo iliyosahaulika. Msamaha ni wa mnunuzi wa mara ya kwanza anayenunua chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu. Masharti ni mawili na yanakwenda pamoja. Ukinunua fleti ya milioni 5 kwa mjenzi binafsi Nairobi, hata kama hujawahi kumiliki hata choo, unalipa asilimia 4, yaani 200,000. Nje ya miji ni asilimia 2. Asilimia hiyo inapigwa kwenye thamani atakayoitoa mthamini wa serikali, kwa hivyo kuandikishana bei ya chini kwenye mkataba hakukusaidii, na kunaweza kukutia matatani.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hukwama. Benki imekubali kutoa asilimia 90, mtu ana laki tano zake, anadhani amemaliza. Bado stempu laki mbili. Bado wakili wako, na wakili wa benki ambaye pia unamlipa wewe. Bado mthamini, ada ya benki ya kushughulikia mkopo, bima ya maisha na ya jengo, na stempu ya rehani yenyewe, asilimia 0.1 ya mkopo. Kwa fleti ya milioni 5, mimi humwambia mtu asianze safari kabla hajawa na laki tisa mkononi. Mkopo wa kawaida wa nyumba haugusi gharama hizi.

Sasa KMRC, kampuni inayozipa benki na Sacco fedha za mikopo ya nyumba. Watu huitafuta ofisi yake wakitaka mkopo. KMRC haikopeshi mwananchi. Inazikopesha benki na Sacco wanachama kwa riba ya chini ili nazo zikukopeshe kwa riba isiyofika asilimia 10, na isiyobadilika. Kwa hivyo swali unalipeleka kwa benki au Sacco yako, na uliulize kwa jina: "Je, mkopo huu ni wa KMRC?" Usipouliza, unaweza kupewa mkopo wa kawaida wa benki hiyo hiyo. Milioni 4 kwa miaka 20 kwa asilimia 9.5 ni kama 37,300 kwa mwezi. Kwa asilimia 15 ni kama 52,700. Tofauti ya zaidi ya 15,000 kila mwezi, kwa swali moja. Mkopo wa KMRC una kikomo cha kiasi na nyumba lazima iwe na hati safi, na hapo penye hati ndipo maombi mengi hufia. Kwa fleti, dai hati ya sehemu yako chini ya sheria ya umiliki wa sehemu za jengo (Sectional Properties Act) ya 2020. Ahadi ya "tutaigawa hati mama baadaye", yaani hati ya kiwanja kizima, haikubaliki kuwa dhamana.

Ukishapata mkopo, kuna msaada ambao watu wengi huuacha mezani: riba unayolipa kwa nyumba unayoishi inaondolewa kwenye mapato yanayotozwa ushuru, hadi 360,000 kwa mwaka. Kwa mkopo ule wa milioni 4 kwa asilimia 9.5, riba ya mwaka wa kwanza ni kama 377,000, kwa hivyo unajaza kikomo chote. Kwenye kiwango cha asilimia 30 hiyo ni 108,000 kwa mwaka, 9,000 kwa mwezi. Mpe mwajiri taarifa ya riba kutoka benki ili apunguze PAYE kila mwezi. Asipofanya, idai kwenye ritani yako ya ushuru kabla ya Juni 30, ukiweka PIN ya benki na nambari ya mkopo. Ukihama na kuipangisha nyumba, nafuu hii inakoma.

Kuhusu uwezo wa kulipa nitapita haraka: sheria ya ajira hairuhusu makato yote yazidi theluthi mbili za mshahara, na humo zimo PAYE, SHIF ya bima ya afya, NSSF ya hifadhi ya jamii, ushuru wa nyumba na mikopo yako ya Sacco. Lipa mikopo midogo kwanza.

Nimeacha pensheni mwisho kwa sababu hapo sina uhakika na ushauri wangu mwenyewe. Kanuni za 2020 zinamruhusu mwanachama wa hazina ya pensheni kutumia hadi asilimia 40 ya mafao yake yaliyokusanyika, bila kuvuka milioni 7, kununua nyumba ya kuishi. Vitabu husema ni fursa. Lakini milioni moja ikiachwa kwenye hazina kwa miaka 25 na ikakua kwa asilimia 8 kwa mwaka inafika karibu milioni 6.8. Kwa upande mwingine, anayelipa kodi ya nyumba ya 20,000 anatoa 240,000 kila mwaka ambazo hazirudi. Kwa mtu wa miaka 50 anayeishi kwenye nyumba ya kupanga, naona kununua nyumba kunashinda. Kwa kijana wa miaka 30, kila nikipiga hesabu najikuta nabadilisha dhana moja na jibu linageuka.

Ukiamua kuzitumia, jua kwamba wadhamini wa hazina, yaani wanaoisimamia, hawakupi wewe pesa. Humlipa muuzaji, na baada ya kukagua hati na mkataba. Mikataba mingi ya mauziano hutoa siku 90 za kukamilisha. Peleka ombi kwa wadhamini kabla hujatia saini, na wakili wako aandike kwenye mkataba kwamba sehemu ya bei inatoka kwenye pensheni na kwamba siku zitaongezwa wadhamini wakichelewa. Kifungu hicho kikikosekana na siku zikaisha, muuzaji anaweza kuvunja mkataba na kubaki na ile asilimia 10 uliyotanguliza, kulingana na masharti yake.