Je, wajua? Interfesi ya Java nayo hubeba msimbo, ila haina stoo

Kwenye Java, lugha ya kuandikia programu, klasi dhahania (abstract class, ramani ya objekti isiyokamilika) na interfesi (interface, orodha ya vitendo ambavyo klasi inaahidi) zinatofautianaje? Niliulizwa hivyo kwenye usaili wa kazi, nikajibu bila kusita: klasi dhahania inaweza kuwa na methodi, yaani vitendo vyake, zenye msimbo ndani, interfesi ina majina matupu. Msaili akaniuliza taratibu kama Java 8 nimewahi kuisikia.

Java 8 ilitoka Machi 2014. Waundaji wake walitaka kila mkusanyiko wa data upate methodi mpya, stream(). Tabu ni kwamba interfesi ya Collection ilishatekelezwa na klasi chungu nzima, nyingi zikiwa mikononi mwa watu baki. Ukiiongezea sharti jipya, klasi hizo zote zitagoma siku wenyewe watakapozikompaili tena, yaani kuzigeuza kuwa programu inayoendeshwa. Ndipo interfesi ikaruhusiwa kuja na methodi yenye mwili wake, asiyeandika ya kwake atumie hiyo ya kupewa. Java 9 ikaongeza hata methodi za faragha. Jibu langu lilikuwa limeshachacha.

Basi tofauti iko wapi? Iko stoo, yaani mahali pa kuhifadhi data.

Klasi dhahania ni pagala. Msingi upo, kuta zimesimama, tangi la maji limeshawekwa, ila paa hakuna, kwa hiyo hakuna anayehamia mpaka mrithi amalizie. Tazama AbstractList, klasi dhahania ya orodha inayokuja na Java: ukitaka orodha ya kusoma tu, unaandika get na size, mengine unayakuta. Ndani yake kuna fildi, yaani nafasi ya kuhifadhi thamani, iitwayo modCount, inayohesabu ni mara ngapi orodha imeongezwa au kupunguzwa. Hilo ndilo tangi, na kila objekti ina lake.

Interfesi ni leseni. Inataja unachopaswa kuweza kufanya, na siku hizi inakuja hata na maelekezo, lakini leseni haihifadhi maji. Fildi utakayoiandika humo inakuwa moja kwa wote, tena haibadilishiki. Konstrakta, msimbo wa kuundia objekti, nayo hakuna, maana hakuna cha kujenga.

Duka moja linaweza kubandika leseni tano ukutani. Nyumba je, itakaa juu ya misingi miwili? Na kama mapagala yote mawili yametokana na pagala moja la zamani, mrithi apate tangi moja au mawili? Lugha ya C++ inakuachia uamue mwenyewe. Java ikaona isiwe taabu: pagala moja tu, leseni uzitakazo. Leseni mbili zikigongana, yaani methodi ileile ina maelekezo mawili tofauti, kompaila inagoma mpaka uandike ya kwako. Ni kero ya mistari mitatu.

Hayo ni ya Java lakini. Lugha ya Python inakuruhusu kurithi mapagala kadhaa kwa mpigo, kisha inayapanga foleni ya lipi liulizwe kwanza. Ukiona methodi inajibu usichotarajia, anza kwa kuichapisha foleni hiyo.