Mtoto huyu analelewa na nani? Kwa wanaosoma makuzi ya binadamu na sayansi ya familia, wanaokuja fildi Tanga

Nikipokea ripoti ya fildi ya mwanafunzi wa makuzi ya binadamu na sayansi ya familia, kwanza natafuta kama ina sentensi ya aina hii: "Mtoto ana aibu na hapati malezi ya kutosha kutoka kwa mama." Nikiikuta, najua daftari la uwandani halikutumika inavyopaswa. Aibu haionekani kwa macho. Kilichoonekana ni kwamba saa 3:10 asubuhi mtoto wa miezi 19 alikuwa ameketi kwenye jamvi uani. Mgeni akaingia, mtoto akaacha kifuu alichokuwa anachezea, akamtazama mgeni kama sekunde tano, kisha akamwendea dada yake wa miaka tisa na kushika kanga yake. Dada akampakata. Mtoto hakulia. Mama hakuwepo.

Hayo ndiyo ya kuandika upande wa kushoto wa ukurasa. Upande wa kulia, kwa kalamu ya rangi nyingine, andika unachodhani kinamaanisha. Ukitenganisha hivyo, utaona mwenyewe kwamba ulichokiona kinapingana na sentensi ya kwanza. Mtoto alipoingiwa na wasiwasi alijua pa kukimbilia, na aliyekimbiliwa alimpokea. Malezi yapo. Swali ni nani anayeyatoa, na hilo ndilo swali ambalo shahada hii nzima inakufundisha kuliuliza vizuri.

Kozi zenyewe nitazipitia haraka. Nchini Marekani taaluma hii ilikulia kwa kiasi kikubwa kwenye idara za sayansi kimu za vyuo vikuu vya umma, ndiyo maana hadi leo inachanganya saikolojia ya ukuaji, lishe, uchumi wa kaya, sheria za familia na takwimu. Hapa kwetu vipande vyake vimetawanyika: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kule Morogoro kuna shahada ya masomo ya familia na walaji, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna elimu ya awali, na Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama inaandaa maofisa ustawi. Angalia mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) wa mwaka unaoomba, kwa sababu majina ya programu na sifa za kujiunga hubadilika. Takwimu usizikwepe popote utakapokwenda. Anayezikwepa mwaka wa kwanza hukwama nazo kwenye utafiti wa mwaka wa mwisho.

Sasa tuje uwandani. Kabla ya mtoto kuna barua. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yeye anakuandikia kwa Mkurugenzi wa Jiji au wa Halmashauri, kisha Mtendaji wa Kata, kisha Mtendaji na Mwenyekiti wa Mtaa. Nenda na nakala tano, kila ofisi inabaki na yake na unagongewa muhuri kwenye yako. Mwanafunzi anayeruka ngazi ya mtaa kwa sababu tayari ana barua ya mkoa hufungiwa milango, na wenyeji wana haki: mtu asiyejulikana na mwenyekiti anauliza habari za watoto wao. Baada ya hapo ndipo unaomba ridhaa ya mzazi au mlezi. Kama hasomi, unamsomea fomu mbele ya shahidi anayemchagua yeye, anaweka dole gumba na shahidi anasaini. Mtoto anayejieleza naye anaulizwa kama yuko radhi. Akikataa, umeishia hapo, hata kama mama amekwisha kusaini.

Kazi ya kwanza ndani ya nyumba ni kujua kaya ni ipi. Nyumba ya kawaida ya Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga mjini, ina ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili na ua nyuma wenye jiko na choo. Ndani yake wanaweza kuwamo mwenye nyumba, binti yake aliyeachika na wapangaji wawili. Kwa takwimu, kaya ni wale wanaokula chungu kimoja. Kipimo hicho kinafaa kuhesabia watu, lakini hakitoshi kueleza malezi, kwa sababu mtoto anaweza kula chungu cha mama yake, akalala kwa bibi chumba cha pili, na akaogeshwa na mke wa mpangaji. Mwezi wa Ramadhani hata chungu chenyewe hubadilika, vyumba viwili vinafuturu pamoja. Kwa hiyo andika tarehe, na useme kama wiki uliyoipima ilikuwa ya kawaida au la.

Ninachoshauri ni jedwali la kazi za malezi. Safu za kushuka ni watu wote wanaomgusa mtoto kwa siku. Safu za kulala ni kazi: nani analala naye, nani anamwogesha, nani anamlisha, nani anambeba, nani anazungumza na kucheza naye, nani anamkemea, nani anampeleka kliniki, nani anatoa pesa ya dawa, nani anaamua akiugua usiku. Usiulize "nani anamlea?" kwa sababu utajibiwa "mama yake", na hilo ni jibu la adabu. Uliza jana. "Jana alipoamka, nani alimtoa kitandani? Halafu?" Endelea hivyo hadi alipolala. Itakuchukua kama dakika arobaini.

Ukichora mchoro wa ukoo, mraba kwa mwanamume na duara kwa mwanamke, usiweke ndugu wote wa wazazi kwenye fungu moja kama madodoso mengi ya kigeni yanavyofanya. Mjomba na baba mdogo wana wajibu tofauti kwa mtoto. Kwa familia za Wadigo, ambao jadi yao ilifuata ukoo wa upande wa mama kabla ya taratibu za Kiislamu kuchanganyika nayo, nafasi ya mjomba kwenye uamuzi inaweza kuwa kubwa kuliko dodoso lilivyotarajia. Mitala nayo inahitaji mistari miwili ya ndoa kutoka kwa mume mmoja, na kila mke na kaya yake.

Suala la siku gani uende ni zito kuliko wanafunzi wanavyodhani. Vitabu vinasema chagua siku mbili za kazi na moja ya mapumziko. Kwa familia za wavuvi wa Sahare au Tongoni, Jumatatu na Jumamosi hazitofautiani sana; linalobadilisha siku ni maji. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa mbali kuelekea mchana na wanawake wengi huenda mwambani kuchokoa pweza na kuokota chaza. Watoto wadogo hubaki na dada au bibi kwa saa kadhaa. Wakati wa maji mafu, akina mama haohao wako nyumbani. Ukienda siku zote za bamvua, utaandika kwamba mama hayupo. Ukienda za maji mafu tu, utaandika kwamba yupo siku nzima. Ripoti zote mbili zina kasoro. Gawa siku zako sawa kwa sawa kati ya vipindi hivyo viwili, na andika hali ya maji juu ya kila ukurasa. Kwa watoto wakubwa kidogo, andika pia saa za chuoni, yaani madrasa, maana alasiri utamkosa.

Na saa zenyewe: amua tangu mwanzo kama unaandika kwa saa za Kiswahili au za kompyuta, na usichanganye. Nimeona majedwali ambayo mtoto anaamka saa 12:30 na kunywa uji saa 7:15, kwa sababu msaidizi mmoja aliandika anavyosema na mwingine alivyoona kwenye simu. Kosa la saa sita haligunduliki kirahisi data zikishaingia.

Umri nao usiuchukue kwa mdomo. Anza na kadi ya kliniki. Kama imepotea, tumia kalenda ya matukio: uchaguzi, masika, Nane Nane, na kwa Tanga miezi ya Kiislamu, kwa sababu mama anaweza kukuambia mtoto alizaliwa mfunguo sita, siku chache baada ya Maulidi. Hilo ni jibu zuri sana, lakini mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 hivi, kwa hiyo Maulidi hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Tafuta kalenda ya mwaka ule aliozaliwa. Ukitumia ya mwaka huu kwa mtoto wa miaka mitatu, umemkosesha mwezi mzima. Mtoto njiti anasahihishiwa umri hadi afikishe miezi 24: aliyezaliwa wiki ya 32 ameitangulia wiki ya 40 kwa wiki nane, basi akiwa na miezi kumi tangu kuzaliwa unampima kama wa miezi minane.

Kwenye hatua za mwili, viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2006 vilivyotokana na watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani vinatoa muda mpana: kukaa bila kushikwa ni kati ya miezi 3.8 na 9.2, kutembea peke yake ni kati ya 8.2 na 17.6. Mtoto wa miezi 15 asiyetembea bado yumo ndani. Na asilimia 4.3 ya watoto wale hawakuonekana kutambaa kwa mikono na magoti, kwa hiyo kuruka hatua hiyo peke yake si dalili ya ugonjwa. Mtafiti Charles Super aliandika mwaka 1976 kuhusu watoto wa Kipsigis wa Kokwet, Kenya, waliowahi kukaa na kutembea kuliko wenzao wa Marekani lakini si kutambaa. Sababu aliyoieleza ni kwamba kukaa na kutembea walikuwa wanafundishwa na walezi wao. Ukikuta bibi anamsimamisha mjukuu dede na kumwimbia kila jioni, hayo ni mazoezi, yaandike kama mazoezi.

Lugha ndiyo inayopimwa vibaya zaidi. Mtoto wa pwani aliyefundwa hamkodolei macho mgeni mkubwa wala hamjibu haraka. Ukimwonyesha picha na kumwuliza "hii nini?", atainamisha kichwa, nawe utaandika sifuri. Anza na shughuli zisizohitaji kusema, kama kupanga vipande vya mbao au kutia mbegu kwenye chupa. Maswali ya maneno yaje mwisho, na yaulizwe na dada au kaka aliyemzoea huku wewe umekaa pembeni. Picha ziwe za vitu anavyovijua: kata, ungo, samaki, embe. Kipimo kilichotengenezwa Kilifi, pwani ya Kenya, na Amina Abubakar na wenzake kwa watoto wa miezi 6 hadi 35 ni mfano mzuri wa kazi iliyoanzia kwenye mazingira yanayofanana na yetu, japo nacho kinahitaji mafunzo na majaribio kabla ya kukitumia Tanga.

Kwa kuangalia tabia, utaratibu ninaoupendelea ni wa vipande vya muda: tazama sekunde 10, andika sekunde 20. Dakika 30 zinakupa vipande 60. Weka alama chache, tano au sita tu, kwa mfano mtu mzima anasema na mtoto, mtoto mwenzake anasema naye, amebebwa, anacheza peke yake, analia. Zaidi ya hapo mkono hauwahi.

Lazima wawepo waangalizi wawili kwa sehemu ya vipindi, na hapa ndipo wengi hudanganyika na asilimia. Tuseme mmekubaliana vipande 51 kati ya 60. Ni asilimia 85, inapendeza. Lakini chukulia alama ni "mtu mzima anasema na mtoto", nyote wawili mliiona mara 6, nyote hamkuiona mara 45, mmoja aliiona peke yake mara 4 na mwingine mara 5. Kwa kuwa tabia yenyewe ni adimu, kwa bahati tu mngekubaliana asilimia 71. Kapa ya Cohen inaondoa bahati hiyo: 0.85 kutoa 0.71, gawanya kwa 1 kutoa 0.71, unapata karibu 0.48. Hayo ni makubaliano ya wastani, hayatoshi kuanza kukusanya data. Rudini kwenye maana ya alama. Mara nyingi mgogoro ni kitu kidogo: je, mama akimwita mtoto kutoka jikoni bila kumtazama, amesema naye? Amueni, andikeni, jaribuni tena.

Kuhusu nadharia, zisome zote lakini uliza zilitoka wapi. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alianza kazi yake ya upendo wa mtoto na mlezi kwa kutembelea nyumba za Uganda mwaka 1954 na 1955, watoto 28 wa familia 26, kabla ya kutengeneza Marekani kipimo cha maabara ambacho mama anatoka chumbani na kurudi. Kwa mtoto wa Ngamiani aliyezoea mikono mitano, kipimo hicho cha chumbani kinaweza kuonyesha utulivu usio na maana ileile, au kilio kikubwa kwa sababu hajawahi kuachwa chumbani peke yake. Kutembelea nyumbani, njia ya Uganda, kunatufaa zaidi. Mfumo wa Urie Bronfenbrenner wa mwaka 1979, unaomweka mtoto katikati ya mazingira yanayomzunguka kuanzia nyumbani hadi jamii nzima, nao unafaa, mradi usiishie kuchora miduara: onyesha hasa bei ya samaki au ratiba ya mama mwambani inavyofika kwenye uji wa mtoto.

Ukiandikia Halmashauri, panga matokeo kwa maeneo matano yanayotumika kwenye Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto: afya bora, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Ofisa atakayeisoma anajua safu hizo na bajeti zake.

Eneo la mwisho kati ya hayo linagusa fomu yako ya ridhaa. Usiahidi siri kamili. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa, na wewe ni mwanajamii. Kwa hiyo fomu iseme wazi, na useme kwa mdomo kabla ya kuuliza lolote, kwamba ukiona mtoto anaumizwa utamweleza ofisa ustawi wa jamii. Beba namba ya ofisa ustawi wa kata au ya Halmashauri, jua Dawati la Jinsia na Watoto liko kituo gani cha polisi, na namba 116 ya bure ya kusaidia watoto. Usihoji mambo hayo barazani wapita njia wakisikia, na usimhoji mtoto kwa undani: andika maneno yake yaleyale aliyoyasema, saa na tarehe, mjulishe msimamizi wako siku hiyohiyo, kisha waachie wenye mamlaka kuuliza mengine.