Stolperstein ni nini? Jiwe la kujikwaa mlangoni kwa mtu

Stolperstein ni neno la Kijerumani, limeunganishwa na maneno mawili, stolpern yaani kujikwaa na Stein yaani jiwe, kwa hiyo kwa Kiswahili tungesema jiwe la kujikwaa. Ila leo ukilitamka Ujerumani karibu kila mtu anajua unamaanisha kile kijiwe chenye bamba la shaba ya njano kilichopachikwa chini kwenye pevingi, mbele ya mlango wa nyumba, chenye jina la mtu aliyekuwa anaishi humo kabla Wanazi hawajamtoa. Na mguu haujikwai kweli maana jiwe liko usawa na njia, kinachojikwaa ni jicho, unapita zako unaona kitu kinang'aa, unasimama.

Aliyeanzisha ni Gunter Demnig, msanii mchonga sanamu aliyezaliwa Berlin mwaka 1947, baadaye akafungua karakana yake Köln. Mwaka 1990 alichora mstari wa maandishi barabarani pale Köln kufuata njia waliyopitishwa Waroma na Wasinti 1000, jamii ambazo zamani watu waliziita majipsi, Mei 1940 walipokuwa wanasafirishwa kwa nguvu kutoka mjini. Siku moja anaurudia ule mstari, mama mmoja mtu mzima akamwambia hapa mtaani kwetu watu hao hawakuwahi kuishi. Hilo lilimgusa sana, kwa sababu waliishi, walikuwa majirani, ila mtaa ulishawasahau kabisa. Ndo hapo wazo likaja la kurudisha majina pale pale watu walipokuwa wanalala na kupika na kulea watoto. Jiwe la kwanza aliliweka tarehe 16 Desemba 1992 mbele ya ukumbi wa jiji la Köln, hilo lilikuwa na maneno ya amri ya Himmler, mkuu wa polisi wa Wanazi, ya kuwapeleka Waroma na Wasinti kambini. Mawe ya mtu mmoja mmoja yakafuata, na mwaka 1996 akaweka kadhaa Berlin mtaa wa Kreuzberg bila kibali chochote.

Lenyewe ni dogo, mchemraba wa zege wa kama sentimita 10 kila upande, juu bamba la shaba. Maandishi mengi yanaanza na HIER WOHNTE, yaani hapa aliishi, halafu jina, mwaka wa kuzaliwa, alipopelekwa na alivyokufa. Herufi zinagongwa kwa nyundo moja moja kwa mkono, na hii mimi naona ndo roho ya kazi yenyewe, kwa sababu mauaji yale yalifanywa kama kiwanda, watu wakageuzwa namba, sasa ukitaka kumrudishia mtu utu wake huwezi kutumia mashine inayotema mabamba elfu kwa siku, inabidi mtu akae agonge jina taratibu mpaka liishe. Na si Wayahudi peke yao, kuna Waroma na Wasinti, wapinzani wa siasa, Mashahidi wa Yehova, mashoga, walemavu na wagonjwa wa akili waliouawa hospitalini. Familia zinawekwa pamoja, hata aliyenusurika akakimbilia nje anawekewa jiwe kando ya wazazi wake. Mei 2023 pale Nürnberg liliwekwa jiwe la 100,000, na yapo nchi nyingi za Ulaya.

Wapo wanaoyapinga. Jiji la München lilikataa mwaka 2004 yasiwekwe kwenye njia za umma, na Charlotte Knobloch, kiongozi wa Wayahudi wa huko aliyenusurika mwenyewe utotoni, anasema majina ya marehemu yanakanyagwa upya. Namwelewa kabisa, hata kwetu kaburi halikanyagwi. Lakini ukitaka kulisoma lile jiwe lazima uinamishe kichwa, na kila mwaka karibu na tarehe 9 Novemba, kumbukumbu ya usiku wa 1938 Wanazi walipowashambulia Wayahudi, watu wa mtaa wanapiga magoti na kitambaa wanayasugua yang'ae, kwa hiyo mimi niko upande wa mawe.

Sasa hapa linatufikia sisi. Pale Berlin, Brunnenstraße namba 193, kuna jiwe la mtu wa Dar es Salaam. Anaitwa Mahjub bin Adam Mohamed, Ujerumani alijulikana kama Mohamed Husen, amezaliwa 1904, baba yake alikuwa askari wa Wajerumani na yeye akaingia jeshini bado mtoto, vita vya kwanza vya dunia. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ya jeshi ambayo hakulipwa, wakamkatalia. Akabaki, akafanya kazi ya uhudumu, akaigiza kwenye filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu cha Berlin, yaani lugha hii hii unayoisoma. 1941 akakamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Alipokuwa mtoto wa miaka mitano hivi, Wajerumani walisimamisha Dar sanamu kubwa ya gavana wao wa zamani Hermann von Wissmann, amesimama juu na chini yake yupo askari Mwafrika anamtazama. Yule gavana ana jina, askari hana. Waingereza wakaiondoa baada ya vita ikapelekwa Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha kwa mara ya mwisho. Jiwe la Mahjub limewekwa 2007, dogo kuliko kiganja kilichokunjuliwa, halina farasi wala upanga wala gavana juu yake, ni jina lake tu mbele ya mlango wa nyumba aliyokuwa anaishi.