Geuza Picha Usome Mgongo Wake

Picha ninayoipenda kuliko zote nilizo nazo haina jina. Ni karatasi ya inchi 8 kwa 10. Mwanamke amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika kitasa, mwingine unaficha barua nyuma ya gauni. Kwenye kona ya chini kuna namba mbili ndogo nyeupe zilizotenganishwa na kistari. Ya pili ni 41. Ni picha ya mnato ya filamu bubu, yaani filamu ya zamani isiyo na sauti. Filamu yenyewe sijaiona, na sidhani kama kuna mtu aliye hai aliyewahi kuiona.

Hasara ya filamu bubu ni kubwa mno. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa utafiti kuhusu filamu ndefu karibu 11,000 zilizotengenezwa nchini humo kati ya 1912 na 1929. Zilizobaki kamili kwenye mkanda wa milimita 35, kama zilivyotoka studio, ni asilimia 14 tu. Mikanda ile ilikuwa ya nitrati, kitu kinachowaka hata kikikosa hewa kwa sababu oksijeni imo ndani yake chenyewe. Tarehe 9 Julai 1937 ghala la kampuni ya filamu ya Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliteketea na kumeza karibu kazi yote ya awali ya kampuni hiyo. Mwigizaji Theda Bara aliigiza katika filamu yake ya Cleopatra mwaka 1917. Leo tuna vipande vifupi tu vya filamu ile, lakini picha zake za mnato zipo tele.

Kwa nini picha zipone na mkanda upotee? Mkanda ulikuwa mali ya studio: ukimaliza mzunguko wa majumba ya sinema unarudishwa, na sauti ilipoingia ukaonekana mzigo. Picha zilitawanywa. Zilipelekwa magazetini na kwenye kumbi za sinema kuitangaza filamu, zikasahaulika kwenye makabati. Kutawanyika huko ndiko kulikoziokoa.

Jambo moja wanaoanza hulikosea: picha hizi hazikukatwa kutoka kwenye mkanda. Studio ilikuwa na mpiga picha wake mwenye kamera kubwa ya miguu mitatu. Mwongozaji akiridhika na tendo, waigizaji walirudia mkao na kutulia mbele yake. Ndiyo maana tunaona pembe tofauti na ile ya filamu, na mara nyingine tukio ambalo baadaye liliondolewa kabisa. Nikiweka lenzi juu ya picha yangu, naona nyuzi za lesi kwenye kola ya mwanamke yule, na wino umepenya upande wa pili wa barua. Negativu, yaani filamu ya kamera iliyochapiwa picha, ilikuwa kubwa sawa na picha yenyewe, kwa hiyo hakuna kilichopotea njiani.

Uso wa picha unavutia, lakini habari ziko mgongoni na pembeni. Namba ya kwanza kwenye kona ni ya filamu, ya pili ni ya picha. Ukikutana na namba ileile ya filamu kwenye picha nyingine iliyobaki na karatasi ya maelezo nyuma yake, umeipatia jina picha isiyo na jina. Ndiyo maana naumia nikiona kingo zimekatwa. Muuzaji mmoja aliwahi kuniletea picha nzuri aliyoipunguza ili itoshe fremu. Namba ilikuwa imekwenda na ukingo. Muhuri wa gazeti, tarehe, mistari ya penseli nyekundu ya mhariri: usifute chochote. Gundi ya kahawia iliyokauka nayo ni ushahidi kwamba palikuwa na maelezo.

Nakala za picha zilizochapwa miaka ya baadaye ni nyingi, hasa za mwigizaji Lon Chaney na kofia yake ndefu katika London After Midnight ya 1927, ambayo nakala yake ya mwisho inayojulikana iliungua kwenye ghala la studio ya MGM. Mimi huzima taa na kuwasha ya urujuanimno (UV). Karatasi iking'aa weupe wa samawati, ina dawa ya kung'arisha iliyoanza kutumika miaka ya 1950. Hiyo si ya enzi ya filamu bubu. Isipong'aa, bado sijaridhika. Natafuta ule mng'ao wa fedha unaojitokeza kwenye sehemu nyeusi karibu na kingo baada ya miongo mingi, na natazama vivuli: nakala ya nakala huvigeuza kuwa doa jeusi tupu.

Kuhusu kuhifadhi, nitasema machache. Bahasha za poliesta au karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu na baridi, penseli laini badala ya kalamu, na selotepu isikaribie.

Mwaka 2002 London After Midnight ilijengwa upya kwa picha za mnato pekee, zikipangwa kwa kufuata hati ya filamu. Kazi hiyo ilihitaji kila picha, hata ile ya mhudumu aliyebeba sinia, na hati pia, maana kwa kawaida namba hufuata siku za upigaji, si mtiririko wa hadithi.

Ile yangu ya barua sasa ina wenzake wawili wenye namba ya filamu ileile: ya 17, mzee akipanda ngazi, na ya 58, chumba kitupu chenye barua sakafuni. Migongo yote mitatu haina jina. Natafuta ya nne.