Kokoto chini ya chungu haziuokoi mshubiri

Wiki iliyopita mama mmoja wa Soweto, hapa Moshi, alifika kitaluni kabeba mshubiri wake ndani ya ndoo ya lita 20. Mmea wenyewe shibiri moja tu. Hata shikamoo yangu hajaimaliza kuitikia: "Mwanangu, nimeupa nafasi, nimeweka na kokoto chini, mbona unalegea?" Tukaumwaga. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, inanuka.

Hizo kokoto za chini zimenichosha. Watu hudhani maji yakizifikia yatakimbia. Hayakimbii. Udongo wa chembe ndogo huyang'ang'ania maji, hauyaachii yashukie kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka wenyewe ulowe chapachapa. Tope linabaki palepale udongo unapokutana na mawe, na wewe kwa kuweka mawe umelipandisha likasogelea mizizi. Ukitaka mawe, yachanganye na udongo wote. Huku kwetu kati ya Meru na Kilimanjaro mawe mepesi ya volkano, yale yenye vitundu, tunayakanyaga tu. Mimi huyaponda yawe kama punje za mahindi, nachekecha vumbi litoke, kisha sehemu moja ya mawe, moja ya mchanga mkubwa wa mto, moja ya udongo wa bustani. Ule mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi usiuguse.

Na ndoo ile? Udongo mwingi usio na mizizi unakaa na maji yasiyo na mnywaji. Chungu kizidi fundo la mizizi kwa vidole viwili hivi, kiwe na tundu; cha udongo wa kuchoma hukauka haraka kuliko cha plastiki. (Sansevieria, ule mmea wa majani marefu kama panga, ina mambo yake: hupenda kubanwa, na hupasua vyungu vya plastiki. Wataalamu wa mimea siku hizi wanaihesabu kwenye jenasi ya Dracaena, kwa hiyo ni ndugu wa isale letu la Kichaga, ule mmea wa mipaka ya mashamba, ambao nao ni Dracaena. Mimi sikushangaa, ukaidi ni uleule.)

Nilikata mizizi yote iliyooza kwa kisu nilichokifuta kwa spiriti, nikatenga na machipukizi mawili yaliyokuwa mazima. Vyote vikalala kivulini siku 4, vidonda vikauke. Mama aliporudi nikapanda mbele yake, udongo mkavu, shina kwa kina kilekile cha mwanzo.

"Sasa maji."

"Bado, mama. Wiki nzima."

"Utakufa!"

"Pipa lake ni majani yake. Mizizi ina vidonda, ukiulowesha leo unaoza tena."

Baada ya hapo amwagilie mpaka maji yatoke tunduni, kisha asiguse hadi udongo ukauke mpaka chini. Masika chungu kikae barazani, mvua isikifikie.

Ndoo alirudi nayo. Anasema ataipandia mchicha.